Makongwa Aliyoyachonga Fideli

Mtaa wa Gongoni,
Tabora.
20 Septemba, 2023

Mpendwa kaka Mustafa,

Shikamoo kaka. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Zamda na watoto, na kwamba joto la huko Maskati limeanza kupungua. Mguu wako unaendeleaje? Wifi aliniambia umerudi tena hospitali lakini hakusema daktari ameona nini. Mwambie anieleze vizuri, maana Mama haachi kuuliza, na mimi nimechoka kumjibu kwa kubahatisha.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua bado, na vumbi la mwaka huu linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Kuku wa uani wamekwisha kwa kideri, amebaki jogoo peke yake, naye hata kuwika ameacha. Presha ya Mama ilikuwa imetulia tangu Ramadhani. Wiki iliyopita ilipanda tena, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha hapa.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu. Nampa Nasri wa duka la asali, anakuja huko kwa biashara zake, akuletee mkononi. Kwenye simu nimeshindwa. Lile kundi letu la ukoo Majidi naye yumo, na kila nikianza kukurekodia sauti nalia, nafuta, naanza upya, nalia tena.

Nimekasirika, kaka. Nimemkasirikia Majidi, nimemkasirikia mgeni tuliyeishi naye, na wewe pia nimekukasirikia. Sikutaka ulikute hilo chini kabisa baada ya salamu, ndiyo maana nalisema sasa hivi. Alhamisi ile video ilipoingia kwenye kundi, wewe ulikuwa wa kwanza kuandika: "Mashallah, Majidi umetuinulia jina. Hii ndiyo historia yetu." Wengine wote wakafuata, kwa sababu wewe ndiye mkubwa. Sasa nataka ujue ulichokisifu.

Mgeni wetu nilishakuambia habari zake mwezi wa saba. Ni mmoja wa wanafunzi waliotoka Ujerumani kuja kusoma Kiswahili na historia ya njia ya misafara, kila mmoja akawekwa kwenye nyumba ya mtu hapa mjini. Jina lake Friederike. Ulimi ulitushinda, Mama akamwita Farida, naye akalipenda mpaka akawa anaitikia haraka kuliko lake. Siku ya kwanza alimwambia Mama, "Mimi ni chakula," akimaanisha ana njaa, tukacheka mpaka tukashika ukuta. Kufika Agosti alikuwa anakaa uani na wanawake wenzetu anakata viazi vya kuanika michembe, anasimulia na anatania. Nilimpenda. Kwa hiyo hasira yangu kwake inauma mahali ambapo hasira yangu kwa Majidi haifiki.

Majidi unamjua, huyo ni mtoto wa marehemu baba mdogo, na mdomo wake unaujua pia. Yeye ndiye aliyekuwa anawapangia wanafunzi mambo yao yote hapa, nyumba za kukaa, magari, wazee wa kuwahoji. Alikuwa anatembea mjini kama yeye ndiye aliyewazaa.

Fideli humjui, maana alipanga chumba cha uani baada ya wewe kuondoka. Ni fundi seremala. Wazazi wake ni katika wale waliokimbia vita Burundi zamani sana wakawekwa Ulyankulu, wakalima tumbaku huko, wakazeeka huko, wakapewa uraia wa nchi hii. Fideli mwenyewe amezaliwa huko huko, hajawahi kuiona Burundi hata kwa mbali. Ana mke, Janeti, na mtoto wa kike anayenyonya. Asubuhi tulikuwa tunasikia randa yake kabla hatujasikia redio. Mlango wa chumba cha Mama uliokuwa unasugua sakafu, siku moja tu tuliukuta unafunguka vizuri, wala hakusema kitu. Ni mtu wa namna hiyo.

Sasa sikiliza.

Wanafunzi hawa, wakifika siku zao za mwisho, hutakiwa kuonyesha walichojifunza. Wakakubaliana watatembea ile njia ya zamani, kutoka Kwihara mpaka mjini, na wapagazi wenye mizigo kichwani na nyimbo za safari, wapige video, halafu waionyeshe kwenye karamu ya kuagana. Sote tulifurahi. Mimi nilijitolea kupika pilau la karamu. Mama alitoa kanga yake mpya sandukuni akampa Farida ajifunge siku hiyo.

Majidi akaja kwa Fideli na kazi. Alitaka panda ndefu za mti wa mninga, ndefu kumpita mtu, zilizopasuka mdomoni kama herufi ya Y. Fideli akauliza za nini. Majidi akamwambia ni za kutundikia mizigo. Nilikuwepo, naanua nguo, nimesikia kwa masikio yangu.

Fideli akazichonga, tena akazipiga msasa mpaka ukipitisha kiganja unateleza. Mama akamtania, "Hata kitanda cha bi harusi hukukilainisha hivi." Akacheka, akasema, "Watazibeba watu begani, Mama. Sitaki zimchubue mtu."

Halafu Majidi akamwomba yeye na wenzake wa Ulyankulu wanaofanya kazi hapa mjini wawe ndio wapagazi. Nilimuuliza Majidi mbona amechukua wa Ulyankulu watupu, vijana wa mjini wamekwisha? Akanijibu, "Vijana wa mjini wana maringo, dada Tunu. Hawa hawana maneno." Nilidhani anazungumzia kubeba mizigo.

Jumatano asubuhi mimi na Mama tulipanda bajaji na chupa za chai na beseni la mandazi, tukawafuata Kwihara. Tulipofika, Mama ndiye aliyeona kwanza. Akanishika mkono kwa nguvu hata leo kuna alama.

Walikuwa wamepangwa mstari mmoja, vifua wazi, wamefungwa vitambaa vichafu kiunoni. Zile panda zilikuwa shingoni mwao. Mdomo wa kila panda umeishika shingo ya mtu, nyuma umezibwa kwa kipande cha chuma, na mkia wake umelazwa kwenye bega la aliye mbele. Mnyororo umepita katikati ukawaunganisha wote. Makongwa, kaka. Makongwa ya watumwa. Na Fideli ndiye aliyekuwa mbele.

Majidi alikuwa amevaa kanzu ya darizi na kilemba, na kiunoni amechomeka jambia la babu, lile lililokuwa kwenye sanduku la marehemu baba. Sijui alilitoa lini. Mkononi ana fimbo. Mwalimu wa wanafunzi hakuwepo, alikuwa amekwenda Mwanza kushughulikia safari yao ya kurudi. Wanafunzi wenyewe walikuwa wanapita huku na huku na simu zao, wengine nyuso zimewabadilika lakini hakuna aliyesema kitu. Farida alikuwa na kamera kubwa, kanga ya Mama kiunoni.

Mama akashuka. "Majidi, nini hiki?"

"Historia, Mama mkubwa. Tunataka ionekane kama ilivyokuwa."

"Watoe."

"Wamekubali wenyewe. Muulize Fideli."

Mama akamtazama Fideli. Yule mtu kidevu kimesukumwa juu na mti, hawezi hata kuinamisha uso. Akasema, "Hakuna neno, Mama. Ni mchezo tu."

Angesema nini kingine? Analala kwenye uwanja wetu, na aliyeshika mnyororo ni mtoto wa nyumba yetu. Niliufuata ule mnyororo nikaanza kutafuta unapofungukia. Majidi akanizuia, akaniambia ninaharibu masomo ya watu waliotoka mbali. Akapiga fimbo chini, wakaanza kutembea. Mama magoti yake unayajua. Tulipanda bajaji tukawa nyuma yao, Mama anarudia, "Ya Rabi, ya Rabi," na mimi namwambia dereva awapite azibe njia, naye anasema polisi watamkamata.

Walipofika penye nyumba za watu, watu wakatoka.  Halafu vijana wa bodaboda pale kijiweni wakaanza: "Wakimbizi wamekamatwa! Warudisheni kwao!" Kicheko kikapanda. Mmoja akakimbia pembeni yao akipiga picha na uso wake mwenyewe ndani. Majidi badala ya kukemea akazidi kujitutumua, anainua fimbo, anafoka kwa Kiarabu cha kubuni. Na Farida anatembea kinyumenyume mbele yao, kamera jichoni.

Janeti alikuwa anatoka kliniki, mtoto mgongoni. Alikuta watu wamejaa njiani, akasogea kuangalia kama wenzake. Akamwona mume wake.

Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja akaushika ule mti shingoni, akawa anaupapasa kutafuta unapofunguliwa.  Nilikuwa nimeshashuka, nilikuwa karibu, nikamsikia anamuuliza, "Nani amekufanyia hivi?"

Fideli akasema, "Nimechonga mwenyewe."

Baada ya kusema hivyo hakutembea tena. Alisimama tu. Na Majidi, kwa kuwa watu walikuwa wengi na kamera inaangalia, akaona hapo ndipo pa kuonyesha ufundi wake. Akapaza sauti, "Twende! Msafara haungoji mtu!" Akauvuta mnyororo.

Fideli alianguka kifudifudi. Mti ulimpiga kidevuni, na mwenzake wa nyuma, Ambrosi, akamwangukia juu kwa sababu wamefungwa pamoja. Damu ikatoka mdomoni. Mtoto akaanza kulia mgongoni kwa mama yake. Mimi, kaka, nilimpokonya Majidi ile fimbo nikampiga nayo. Ndiyo, mbele za watu, mpaka kilemba kikaanguka. Hilo hukuliona, maana wamelikata. Ulichokiona wewe ni mtu kuanguka, na ngoma ikiwekwa juu yake.

Nilipogeuka nikamwona Farida. Kamera ilikuwa bado inatuangalia. Haikutikisika hata kidogo.

Zahanati walimshona Fideli kidevu. Jino moja la mbele limevunjika, na shingo ilikuwa imechubuka upande mmoja kama mtu aliyeungua. Aliketi kwenye benchi la zahanati akaziba mdomo kwa kitambaa, anamwambia Janeti atulie, mtoto atapata homa.

Alasiri Mama akamwita Majidi. Alikuja, lakini alikuja amenuna, kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa. Akasema bahati mbaya hutokea. Akasema sisi tunakuza mambo, kwamba dunia nzima watu wanaigiza historia zao. Halafu akasema neno ambalo nadhani na wewe ungelisema, maana tumelishwa wote katika sahani moja: "Mama mkubwa, sisi ni kizazi cha wafanyabiashara. Babu zetu ndio walioongoza misafara. Nimevaa nguo za babu zangu tu, kosa liko wapi?"

Mama alikuwa kitandani na presha yake. Akajiinua akakaa.

Akamuuliza, "Bibi yake baba yako aliitwa nani?"

Majidi akasema Bi Faida.

"Alitoka wapi?"

Hajui. Mimi pia sikujua, na wewe hujui. Mama akasema, "Mimi nimeambiwa na mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyemuuguza mpaka akafa. Aliletwa hapa akiwa mtoto, kutoka Manyema, amefungwa kamba na mama yake. Mama yake alifia njiani wakamwacha. Aliponunuliwa akapewa jina la Faida, kwa sababu kwa wenyewe alikuwa faida. Hakuwahi kusema jina alilopewa na mama yake, alisema amelisahau. Ndiye bibi yenu huyo. Ungekuwa kule Kwihara zamani, Majidi, usingevaa kanzu. Ungekuwa pale alipokuwa Fideli."

Majidi akasema ni hadithi za wanawake. Akatoka. Kaka, alimwambia hivyo Mama yetu, na Mama mgonjwa.

Nilimuuliza Mama kwa nini hajawahi kutuambia. Akasema baba alimkataza, kwa sababu ya watoto kuoa na kuolewa. Baba Mungu amrehemu, sitamsema.

Farida alikuwa amejifungia chumbani tangu mchana. Asubuhi ya pili alikuja kwa Mama macho yamevimba. Akapiga magoti kando ya kitanda kama alivyoona sisi tunafanya. Akasema, "Nilidhani walikuwa wamekubaliana."

Mama akamuuliza, "Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Umekaa naye nyumba moja tangu Julai. Kila asubuhi unamsalimia, unamuuliza habari za mtoto. Kiswahili unakijua sasa. Hicho Kiswahili umejifunza ili umuulize nani?"

 Mama hakumfukuza, lakini hakumwambia ainuke. Mimi nilikuwa mlangoni na chai ya Mama, nikaona bora nirudi nayo jikoni.

Wakati huo Majidi alikuwa ameshairusha video dunia nzima. Alikuwa nayo tangu Jumatano, wameipokezana kutoka kwenye kamera kabla hata damu haijakauka. Ndiyo hiyo iliyokuja kwenye kundi, ukaweka na vidole gumba. Kufika jioni ilikuwa Urambo. Ikafika Ulyankulu. Kuna mtu alimwonyesha baba yake Fideli, Mzee Havyarimana, kwenye simu pale wanapokusanyika wakulima. Mzee alipiga simu. Fideli aliongea naye kwa lugha yao, kwa shida, mdomo umevimba. Nilimuuliza Janeti baadaye mzee alisema nini. Alisema aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli waliomfunga ni watu wa nyumba anayolala.

Ijumaa wakafungasha. Mama alijikokota mpaka uani akamwomba wasiondoke. Fideli akasema, "Mama, wewe sina neno na wewe. Lakini tangu jana watu wanapita hapa kunichungulia. Watoto wameanza kuniita mtumwa wa Majidi. Jana mteja amekuja, nikadhani anataka kitanda, kumbe anataka apige picha na mimi." Akakabidhi ufunguo. Chumba walikifagia kabla ya kutoka, kaka. Ningependa wangekiacha kichafu.

Jumamosi karamu ilifanyika kama ilivyopangwa. Mama hakwenda. Mimi nilikwenda kwa sababu pilau lilikuwa langu na wenzangu wa mtaani walikuwa wananitegemea, lakini sikula. Mwalimu wao alikuwa amerudi kutoka Mwanza, na nilivyosikia waligombana sana wao kwa wao. Video haikuonyeshwa. Badala yake Farida alisimama na karatasi, halafu akaiweka chini. Akasema kwa Kiswahili, "Mtu alianguka mbele yangu, nikampiga picha badala ya kumwinua. Nilikaa naye nyumba moja na sikumuuliza kama anataka. Mtu huyo anaitwa Fideli Havyarimana, na leo hayupo hapa kwa sababu yetu."

Watu hawakujua wafanye nini. Wengine wakapiga makofi. Majidi akaruka akachukua kipaza sauti, akasema watoto wamechoka, safari ni ndefu, akaagiza muziki. Mgeni rasmi akashukuru kwa ukarimu wa watu wa Tabora, akawakaribisha tena mwakani. Nilitamani kuipindua sufuria.

Usiku huo Farida hakusema mengi, lakini alfajiri alikuwa amevaa viatu, ananisubiri nitoke chumbani. Alitaka kwenda Ulyankulu. Ilikuwa Jumapili, siku yake ya mwisho hapa. Nikamwambia aende peke yake, mimi si mkalimani wa toba ya mtu. Nilisema hivyo kwa ukali. Mama akatokea nyuma yangu, amejitanda baibui. Akasema, "Tunakwenda wote."

Basi la Ulyankulu halijabadilika tangu ulipolipanda wewe. Mama alishika bomba la kiti cha mbele njia nzima, midomo inamwenda. Tuliwakuta wametoka misa. Janeti alipotuona alisimama, akamtazama mkwe wake kwanza.

Mzee Havyarimana ni mtu mwembamba, vidole vimekuwa vyeusi kwa tumbaku. Hakutufukuza. Alitoa viti akaviweka nje, akamsaidia Mama kukaa. Maji yakaletwa. Mama akasema yaliyomleta. Hakuyapamba. Akasema, "Mwanao ameumizwa na mtoto wa nyumba yangu, nami nilikuwepo, nimekuja kukuomba radhi." Farida naye akasema yake. Kiswahili chote alichojifunza kilimkimbia, akawa anachanganya ngeli kama siku ya kwanza, lakini hakuna aliyecheka, na alisema mpaka mwisho. Fideli alikuwa ameketi kwenye kizingiti, nyuzi bado kidevuni. Akamwambia tu, "Nimekusikia." Hakusema amemsamehe. Sikumlaumu.

Mzee akamsogezea Mama maji. Halafu akamuuliza Mama, "Aliyevuta mnyororo yuko wapi?"

Mama akasema amebaki Tabora.

Mzee akasema, "Mama Mustafa, nimekuja nchi hii nimebebwa mgongoni, nikalima, nikaoa, nikaitwa mkimbizi mpaka nikaota mvi. Siku niliyopewa uraia nilimwambia huyu kijana, sasa hakuna atakayekuonyesha njia ya kurudi. Wewe umekuja na miguu yako inakuuma, nimekupokea. Huyu msichana nimempokea. Lakini siyo ninyi mlioshika mnyororo. Mwenyewe aje. Namsubiri."

Tukarudi. Jumatatu Farida akaondoka na wenzake kwa treni. Video kwake ameifuta, na amemwandikia kila mtu aliyempa aifute, hilo amelifanya. Kanga ya Mama aliifua, akaikunja, akataka kuirudisha. Mama akakataa kuipokea. Akamwambia aende nayo. Sikumsindikiza stesheni. Tulipeana mkono pale mlangoni, na naweza kukuambia kwamba siku moja hasira hii itaniisha, lakini siku yenyewe siyo leo.

Ya Majidi ipo bado mtandaoni. Nimemwambia aitoe, akaniambia watu wanaipenda, na kwamba hata kaka Mustafa ameisifu. Umeelewa sasa kwa nini nakuandikia? Kila nikifungua mdomo ananirudishia jina lako. Mimi kwake ni mwanamke mwenye fimbo, Mama ni hadithi za wanawake. Mtu pekee anayemwogopa duniani ni wewe.

Kwa hiyo sikuombi ushauri. Ondoa sifa zako kwenye kundi, na useme pale pale, mbele ya ukoo mzima, kwa nini unaziondoa. Mpigie Majidi, aitoe ile video. Umwambie habari za Bi Faida kwa mdomo wako wa kiume, kama wa wanawake hausikiki. Na umwambie apande basi aende Ulyankulu, asimame mbele ya Fideli na baba yake, bila kilemba, aombe radhi. Mama amesema mpaka hapo hatamruhusu aingie nyumba hii, hata Idi. Na chumba cha uani hatapangishwa mtu.

Najua nimekuandikia kwa ukali usio wa mdogo kwa kaka yake. Niwie radhi kwa lugha, siyo kwa maneno.

Msalimie sana wifi Zamda, mwambie vitenge alivyoagiza nimeshampatia Nasri. Wabusu wanangu wote, na yule mdogo anayesoma mwambie shangazi anamwombea mtihani wake. Mama anakusalimu na kukuombea mguu wako upone urudi ukiwa mzima. Jirani Bi Zuwena naye anakusalimu. Majidi hajanituma salamu, wala sikumwomba.

Mungu akulinde huko uliko, akujalie riziki ya halali na moyo wa kusimama na aliyeanguka.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo nilivyokukasirikia,

Tunu.

N.B. Nilikuwa nabandika bahasha, Mama akaniuliza nimeandika nini. Nikamsomea yote. Akasikiliza amefumba macho, nikadhani amelala. Mwisho akasema niongeze hili, nami naliandika kama alivyolisema: "Mwambie Mustafa yule mzee hatangoja milele, ni mtu mzima kama mimi. Na mimi simu yangu naiweka hapa kwenye mto wa kulalia, karibu na sikio. Asimpigie Tunu. Anipigie mimi, aniambie Majidi amepanda basi."